Kompyuta haikisii: Kiswahili dhibiti kwa kurasa za wavuti

"Daktari aliyemtibu mgonjwa ameondoka." Nani alitibu, nani alitibiwa? Msomaji haulizi. Lakini sarufi inaruhusu pia daktari ambaye mgonjwa ndiye aliyemtibu, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli ya A-WA. Programu inayochanganua ukurasa itapata majibu mawili, yote sahihi.

Lugha dhibiti ni lugha ya kawaida iliyopunguzwa msamiati na miundo hadi kila sentensi ibaki na tafsiri moja. Attempto, ya Kiingereza, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 1995. Sentensi zake hugeuzwa kuwa mantiki, na sehemu yake kuwa OWL, lugha ya maarifa ya wavuti.

Kwa Kiswahili, anza na kamusi: kila nomino na ngeli yake, kila kitenzi na idadi ya yambwa zake. "Panda" ya mbegu na "panda" ya mlima zisikae pamoja, chagua moja. Kisha kirejeshi, yaani "-ye-" ya "aliyemtibu", kimhusu mtenda tu. Ukitaka upande wa pili, tumia kauli ya kutendwa: "daktari aliyetibiwa na mgonjwa".

"Kila pampu haifanyi kazi" ipigwe marufuku kabisa. Andika "Hakuna pampu inayofanya kazi" au "Si kila pampu inafanya kazi". Ni madai mawili tofauti. Vivyo hivyo "Kila muuguzi anamhudumia mgonjwa": kanuni iseme kwamba kinachotangulia ndicho kinachotawala, yaani kila muuguzi na mgonjwa wake. Mgonjwa akiwa mmoja kwa wote, atangulie yeye: "Kuna mgonjwa mmoja anayehudumiwa na kila muuguzi."

Ngeli, kwa upande mwingine, zinatufanyia kazi bure. "Kisima kina pampu. Kilikaguliwa." Ni kisima. "Ilikaguliwa." Ni pampu. Kiingereza hakina anasa hiyo. Attempto hurejea nomino ya karibu zaidi inayopatana. Kwetu shida huja nomino zikiwa za ngeli moja: "Pampu ina injini. Ilikaguliwa." Hapo programu ikatae, idai nomino irudiwe.

Na ikikataa, itaje neno lililoikwaza. Mwandishi haoni kosa, maana sentensi yake ni Kiswahili safi. Bora zaidi ni kihariri kinachoonyesha maneno yanayoruhusiwa kufuata, kama AceWiki, wiki inayoandikwa kwa Attempto, inavyofanya, kisha kabla ya kuhifadhi kimrudishie sentensi kwa maneno mengine: "Mgonjwa alimtibu daktari. Daktari huyo ameondoka." Akishtuka, arekebishe.