Asbestosi, baraza na mahamri

Juzi nikiwa juu ya ngazi hapa Amu, mjini Lamu, nakagua paa la ghala la asbestosi (mabati ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini), mwenyewe akanipigia kelele kutoka chini: "Ami, andika ripoti tu. Hayo mabaraza ya wananchi kutoa maoni juu ya asbestosi ni chai na mahamri. Wataalamu wakishathibitisha, serikali hupiga marufuku yenyewe."

Huyo ni wa nne mwezi huu, na subira yangu imekwisha.

Wataalamu walithibitisha lini? Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika kwamba mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, inawapata hata watu walioishi tu karibu na migodi ya asbestosi ya buluu. Marufuku ya nchi hiyo ilikuja 2008. Piga hesabu mwenyewe. Uingereza nako makaratasi yalilala kabatini mpaka 1982, televisheni ilipomwonyesha mwanamke anayekufa kwa sababu ya kibarua cha miezi michache alichofanya kiwandani usichanani. Watu wakachachamaa. Mwaka 1983 zikatoka kanuni za leseni, 1985 asbestosi ya buluu na ya kahawia zikapigwa marufuku. Nyeupe ikangoja hadi 1999, maana wenye viwanda nao walikuwa wakitoa maoni, tena hawakukosa kikao.

Nasi Walamu tusijifanye wageni. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hapa ilifutwa Juni 2019, na jopo la kesi za mazingira lilisema wazi kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda kushtaki ni watu wa hapa hapa.

Kisha kuna visingizio ninavyovisikia kila siku. "Babu kaishi chini ya paa la asbestosi miaka thelathini, hajakohoa." Ugonjwa huu hujificha miaka 20 hata 50. Babu bado yumo hesabuni.

"Si imekatazwa? Basi tuivunje leo." Hapana! Paa zima lisiloguswa si sawa na lililopigwa nyundo. Kanuni za taka za Kenya zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari, si kifusi cha kumpakia punda. Waarifu NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, lowesha, fungua bila kuvunja, funga kwa nailoni nene mara mbili.

"Maji ya mvua ya paa hilo ni sumu." Hatari inayojulikana vizuri ni ya kuvuta vumbi. Mimi naogopa zaidi wanaolisugua kwa brashi kavu kabla ya masika.

Nikamwambia mwenye ghala: nenda barazani na picha ya bati lililopasuka, taja mwaka lilipoezekwa, usiondoke mpaka uone maoni yako yameandikwa kwenye kumbukumbu.

Akaniuliza chai inaanza saa ngapi.