Umeacha sukari ya kijiko, ya kwenye boksi je?

Nimeacha sukari kwenye chai. Mbona kipimo cha sukari kwenye damu hakishuki?

Swali hili nalisikia kila siku ya kliniki ya kisukari. Nikiuliza umekula nini asubuhi, najibiwa: chai bila sukari, yogati ya stroberi na juisi ya boksi "ya vitamini". Tafadhali geuza hilo boksi usome. Ikiandikwa sukari gramu 12 kwa mililita 100, boksi la mililita 250 lina gramu 30. Kijiko cha chai ni gramu 4 hivi, kwa hiyo umekunywa vijiko saba na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi gramu 50 hivi kwa siku nzima, na tukibaki chini ya gramu 25 hivi ni bora zaidi.

Lakini pameandikwa "matunda halisi".

Picha ya embe haipunguzi sukari. Soma orodha ya viambato: kilichotiwa kwa wingi zaidi hutangulia. Sukrosi, glukosi, siropu ya mahindi, zote ni sukari. Kula embe lenyewe, kipande, na nyuzi zake. Mtindi usiotiwa kitu una utamu wake wa maziwa tu; huo hauna shida.

Na asali? Hiyo ni ya asili.

Asali ni sukari.

Hata ya nyuki wadogo?

Hata ya nyuki wadogo. Hata iliyotoka Tabora jana. Mwenye kisukari anayekoroga asali kwenye chai hajaacha sukari, amebadilisha chupa. Nawaomba sana ndugu mnaowapelekea wazazi madumu ya asali kama dawa: acheni.

Mtu akichoka, si anywe glukosi apate nguvu?

Hapana! Hapa ndipo tunapoumizana. Mtu ana kiu isiyoisha, anakojoa usiku kucha, anakonda, nyumbani wanamkorogea glukosi wiki nzima. Analetwa anatapika na kuhema kwa nguvu. Uchovu wenye dalili hizo za kisukari unataka kipimo cha damu leo hii, siyo glukosi. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni.

Ila anayetumia insulini au vidonge vya kisukari akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe haraka maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, na apimwe. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.