Kibodi Haitumi Herufi: Dhana Potofu Kuhusu Bluetooth Kwenye Kompyuta ya Kiganjani ya Linux

Steam Deck, kifaa cha kiganjani cha kampuni ya Valve kilichoanza kuuzwa Februari 2022, hujulikana na wengi kama chombo cha kuchezea michezo tu, ilhali ndani yake mna kompyuta kamili inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows. Mfumo wake, SteamOS, umejengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux, na mtumiaji akihamia upande wa eneokazi hukuta mandhari ya madirisha na menyu iitwayo KDE Plasma, ileile inayotumika kwenye kompyuta za mezani. Kioo chake kinatosha kusomea, lakini kuandika barua ya kurasa tatu kwa kugusagusa kioo ni adhabu, na ndiyo sababu watu hutafuta kibodi na kipanya visivyo na waya. Wakishakwama, lawama huangukia Linux, hata pale ambapo kosa liko kwingine kabisa.

Kosa la mapema zaidi hutokea dukani, kwa kudhani kwamba kila kipanya kisicho na waya ni cha Bluetooth. Vipanya vingi vya bei nafuu huja na kipokezi cha USB chenye ukubwa wa ukucha. Navyo hutumia masafa ya gigahetsi 2.4 kama Bluetooth, lakini huzungumza lugha ya mtengenezaji wao peke yake, kwa hiyo havitaonekana kwenye orodha ya Bluetooth hata ukisubiri mpaka kesho. Steam Deck ina tundu moja tu la USB-C, ambalo ndilo la kuchajia pia, hivyo kipokezi cha aina hiyo kitahitaji adapta au habu, yaani kifaa cha kuongezea matundu ya USB. Kabla ya kulipa, kigeuze kipanya utazame tumbo lake: vyenye njia zote mbili huwa na swichi au kitufe cha kuchagulia. Wala kipokezi si kitu cha kudharauliwa. Kipanya cha michezo chenye kipokezi huweza kutuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde, wakati Bluetooth ya nishati ndogo, ambayo muda wake mfupi kabisa kati ya mawasiliano kwenye vifaa vya kawaida ni milisekunde 7.5, hufikia takriban mara 133. Anayeandika hati hatahisi tofauti. Anayecheza mchezo wa kulenga shabaha ataihisi.

Wapo wanaoamini kwamba Linux inahitaji draiva ya pekee, yaani programu ya kukiendesha kifaa, kwa kila kibodi. Hili halina msingi. BlueZ, ambayo ndiyo inayosimamia Bluetooth katika Linux, iliingizwa kwenye kiini cha mfumo huo mwaka 2001, na kibodi na vipanya hufuata kanuni moja iliyorithiwa kutoka kwenye USB. Kinachoweza kukosekana ni programu ya mtengenezaji ya kubadilishia rangi za taa au kazi za vitufe vya ziada.

Kuoanisha, yaani kukitambulisha kifaa kwa kompyuta mara ya kwanza, nako kuna mtego wake. Kibodi nyingi, hasa za zamani, zikioanishwa huifanya kompyuta ionyeshe tarakimu sita, na mtumiaji, kwa mazoea ya simu, hutafuta kisanduku cha kuziandika kwenye kioo. Hakipo. Tarakimu hizo zinapaswa kuandikwa kwenye kibodi yenyewe, kisha ukabonyeza Enter, maana ndivyo kompyuta inavyohakikisha kwamba kibodi iliyoko mezani ndiyo inayoongea nayo. Ukichelewa, jaribio linakufa na kibodi huonekana mbovu. Wanaoandika amri ya bluetoothctl ya kusimamia Bluetooth nao husahau hatua ya "trust", yaani kukiamini kifaa, halafu wakashangaa kwa nini kifaa hakijiungi chenyewe siku ya pili.

Dhana nyingine ni kwamba kifaa kilichokwisha kuoanishwa hakisahauliki. Kuoanisha ni kubadilishana ufunguo wa siri, na Linux huutunza ufunguo wake ndani ya /var/lib/bluetooth. Mtu aliyeweka Windows na SteamOS ndani ya Steam Deck moja ana mifumo miwili inayotumia redio moja yenye anwani moja. Akioanisha kibodi upande wa Windows, kibodi hupokea ufunguo mpya na kuutupa wa zamani. Akirudi SteamOS, Linux hutoa ufunguo ambao kibodi haiutambui tena. Hakuna kilichoharibika. Ataoanisha upya, au atatumia kibodi yenye nafasi kadhaa za kukumbuka kompyuta tofauti, ili kila mfumo uwe na nafasi yake.

Dhana inayosumbua kuliko zote, na ambayo binafsi naiona kuwa chanzo cha kibodi nyingi nzima kurudishwa dukani, ni kwamba kibodi hutuma herufi iliyochapwa juu ya kitufe. Kibodi haitumi herufi. Hutuma namba inayotaja mahali pa kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa ndani yake. Chukua kibodi ya mtumba iliyotoka Ujerumani, ambako Y na Z zimebadilishana nafasi, uiunganishe na kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani. Ukiandika "yeye", kioo kitakuonyesha "zeze", na usipokuwa makini utadhani unaandika habari za muziki. "Mzazi" atageuka "myayi". Kwa mwenye kibodi ya mtindo wa Kifaransa, kama zile zinazotumika Kongo na Burundi, mambo ni mabaya zaidi: A iko mahali pa Q, na M iko kwenye nukta-mkato, hivyo "mama" hutoka kama ";q;q". Dawa iko ndani ya mipangilio ya KDE, sehemu ya kibodi, ambapo unaongeza mpangilio unaolingana na vitufe ulivyo navyo. Hata kibodi ya Uingereza, ambayo herufi zake zote ziko sawa, itakubadilishia alama ya @ na alama za kunukuu, jambo ambalo mtu huligundua anapoandika anwani ya baruapepe.

Kuhusu betri, hofu imezidi mno. Kinachoimaliza betri ya Steam Deck, ya watisaa 40 katika toleo la kwanza, ni kichakataji na kioo. Redio ya Bluetooth inayopokea vitufe hutumia nishati ndogo sana ikilinganishwa navyo.

Kipanya kikiruka au kuganda, husemwa kwamba Bluetooth yenyewe ni dhaifu. Mara nyingi adui yuko umbali wa sentimita chache: vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo ya gigahetsi 2.4, jambo ambalo kampuni ya Intel ililieleza mwaka 2012. Sogeza habu mbali kidogo, hamishia Wi-Fi kwenye gigahetsi 5, kisha ujaribu tena.

Wengine hudhani kwamba, kwa kuwa mawasiliano yamesimbwa, hakuna awezaye kuingilia. Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin alitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2023-45866, ambao ulimwezesha mtu aliye karibu kujifanya kibodi na kuingiza vitufe bila mwenye kifaa kuthibitisha. Uligusa Linux, Android na vifaa vya Apple. Upande wa BlueZ, kinga ilikuwapo tangu 2020 ila ilikuwa imezimwa, na suluhisho likawa kuiwasha. Sasisha mfumo, wala usiiache Bluetooth ikionekana kwa kila mpita njia.

Mwisho, kibodi ya Bluetooth haiwezi kufanya kazi kabla BlueZ haijaamka. Anayetaka kuchagua mfumo wa kuwasha kwenye Steam Deck atabonyeza bure vitufe vya kibodi yake. Azime kifaa, ashikilie kitufe cha kupunguzia sauti, kisha abonyeze cha kuwashia.