Sehemu ya mbele ya picha ya mandhari, na jinsi ya kuihariri ivutie

Katika picha ya mandhari, sehemu ya mbele ni kile kipande cha ardhi kilicho karibu na miguu ya mpiga picha: mawe, nyasi, mchanga, pengine gogo lililoanguka. Milima na anga viko mbali nyuma yake. Mtazamaji huingilia picha hapo, kisha macho yake ndiyo yanapanda hadi milimani. Hapo pakiwa pamepooza, hata mlima mzuri namna gani huonekana kama umebandikwa ukutani.

Kuihariri sehemu hii maana yake ni kugawa upya mwanga, kivuli na rangi ndani ya eneo hilo, ili macho yapate pa kutua. Kazi hiyo inahitajika kwa sababu anga hung'aa kuliko ardhi, hasa jua linapochomoza au kuzama. Ukipiga kwa kufuata mwanga wa anga, ardhi inatoka kiza. Wengi hapo huchukua nusu yote ya chini na kuipandisha mwangaza kwa mkupuo mmoja. Naomba usifanye hivyo. Jiwe, mchanga na nyasi vyote vinakuwa na mwanga wa kijivu unaolingana, na picha inafubaa kuliko ilivyokuwa kwenye giza lake. Sehemu ya mbele huvutia kwa tofauti zilizomo ndani yake yenyewe.

Ufundi huu ulianzia kwenye chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia na kuchapia picha za filamu. Wakati wa kuchapa, fundi alikinga sehemu fulani ya karatasi kwa kipande cha kadi ili ibaki nyeupe zaidi, au aliiongezea mwanga ili iwe nyeusi. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha za mandhari wa Marekani, alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, Marekani, na mbele kuna makaburi yenye misalaba myeupe. Jua lilikuwa linaiaga misalaba hiyo, akawahi kupiga mara moja tu. Ardhi ilitoka hafifu kwenye negativu, yaani filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa. Mwaka 1948, miaka 7 baadaye, aliitia negativu hiyo dawa ya kuikoleza, upande wa chini peke yake.

Leo kazi ya kadi hufanywa na maski, yaani eneo unalolichagua ndani ya programu ya kuhariri picha ili badiliko lisiguse kwingine. Chukua jiwe lililolowa kando ya ziwa asubuhi. Ubavu mmoja umepata jua, mwingine hauna. Kwa brashi yenye kingo laini na nguvu ndogo, tuseme asilimia 10, pitisha juu ya ubavu wenye jua, rudia mara 3 au 4 mpaka jiwe lianze kuvimba mbele yako. Halafu tia giza kwenye mianya na chini ya jiwe pale linapokutana na maji. Ongeza ukali wa mikwaruzo kwenye jiwe tu. Maji yaache laini, kwa sababu ulaini wao ndio unaoonyesha ugumu wa jiwe. Rangi nayo husaidia: ujotojoto kidogo upande wa jua, ubaridi upande wa kivuli. Mwisho, punguza mwanga kwenye pembe mbili za chini ili macho yasitoroke.

Zingatia sana jua liko wapi. Ukiangaza ubavu ambao jua haliufikii, mtazamaji atahisi kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Piga kwa faili ghafi, yaani RAW, lenye data ya kamera kabla haijabanwa. JPEG ya kawaida, yaani faili la picha lililobanwa, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi; faili ghafi la biti 14 lina nafasi ya ngazi 16,384, kwa hiyo kivuli kinaweza kupandishwa bila rangi kukatikakatika. Hata hivyo ukizidisha, chengachenga zitajitokeza kwenye giza.

Kabla ya kuhifadhi, punguza picha hadi iwe ndogo kama kucha ya kidole gumba. Likionekana jiwe kwanza, kisha macho yakapanda yenyewe kwenda milimani, weka brashi chini. Likionekana jiwe peke yake, tengua hatua mbili za mwisho za uhariri.