Maili chini ya dakika nne: bado ni wachache mno

Wazazi na vijana wa mbio za masafa ya kati huniuliza kama kukimbia maili chini ya dakika nne bado ni jambo kubwa, maana siku hizi kila msimu tunasikia fulani kapita. Jibu langu ni kwamba ni jambo kubwa sana. Tangu Roger Bannister akimbie 3:59.4 pale Oxford tarehe 6 Mei 1954, wanaume waliovuka mpaka huo duniani kote ni elfu mbili na ushee tu. Waliofika kilele cha Everest wamewazidi kwa mbali.

Tuweke hesabu yake uwanjani. Maili ni mita 1,609, yaani raundi nne za uwanja wa mita 400 na mita tisa juu yake. Ili umalize kwa dakika nne, kila mita 100 lazima uzipite kwa sekunde 14.9. Kijana mwenye afya anaweza kukimbia mita 100 kwa sekunde 15, tena bila taabu kubwa. Mwambie sasa aunganishe mara kumi na sita bila kusimama. Wengi huishiwa kabla raundi ya pili haijafungwa.

Ugumu uko hapa: maili inadai vitu viwili ambavyo ni nadra kukaa katika mwili mmoja. Sehemu kubwa ya nguvu, takriban nne kwa tano, hutoka kwenye oksijeni, kwa hiyo unahitaji pumzi za mtu wa masafa marefu. Sehemu iliyobaki misuli huizalisha bila oksijeni, na hiyo ndiyo inayochoma miguu. Wakati huohuo unahitaji kasi ya kutosha ili raundi ya sekunde 60 uione ya kawaida. Nimewafundisha wenye kasi ya kupendeza wasio na pumzi, na wenye pumzi za ajabu ambao hawana mbio za mwisho. Wote wawili hupotelea mahali pamoja, raundi ya tatu, pale miguu inapokuwa mizito na kengele ya raundi ya mwisho bado haijalia.

Ukipita dakika nne, ngazi inazidi kuwa nyembamba. John Walker wa New Zealand alikuwa wa kwanza kushuka chini ya 3:50, Agosti 1975. Rekodi ya dunia ni 3:43.13 ya Hicham El Guerrouj wa Morocco, iliyowekwa Roma mwaka 1999, na siku hiyo Noah Ngeny wa Kenya alimaliza wa pili kwa muda wa 3:43.40. Waongeze Jakob Ingebrigtsen na Yared Nuguse, waliokimbia Eugene, Marekani, mwaka 2023, na orodha ya waliowahi kwenda chini ya 3:44 imekwisha. Watu wanne!

Kwetu Tanzania maili ina jina moja. Mei 1975, kule Kingston, Jamaika, Filbert Bayi alikimbia 3:51.0 na kuivunja rekodi ya Jim Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi hiyo ya dunia haikudumu hata miezi mitatu, kwani Walker ndiye aliyeichukua. Lakini mimi namheshimu Bayi zaidi kwa namna alivyokimbia. Alitoka mbele tangu mlio wa bastola na kukata upepo mwenyewe, bila mgongo wa mtu wa kujikinga. Mwaka mmoja kabla, Christchurch, New Zealand, alishinda mita 1,500 kwa mtindo huohuo kwa 3:32.16, rekodi ya dunia. Leo rekodi nyingi hutafutwa nyuma ya waweka kasi, wakimbiaji wanaotangulia ili kumsaidia mwenzao ashike kasi.

Kuna jambo ningependa lieleweke zaidi hapa Afrika Mashariki. Orodha ya maili haitutendei haki, kwa sababu wakimbiaji wetu wengi hawapati kabisa nafasi ya kukimbia maili. Mashindano yetu ni ya mita 1,500, na mengi hufanyika kwenye miinuko ambako hewa ni nyepesi na muda hurefuka kwa sekunde kadhaa. Ukitaka kumpima kijana wako, tazama mita 1,500: aliyekimbia takriban 3:42 kwenye usawa wa bahari ana maili ya dakika nne miguuni. Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, hata 3:48 ni muda wa kumwangalia mtu mara mbili.

Kwa wanawake, mpaka huo haujavukwa. Rekodi ya dunia ni 4:07.64 ya Faith Kipyegon wa Kenya, Monaco 2023, na alipoiweka aliiboresha ile ya Sifan Hassan kwa karibu sekunde tano, pengo ambalo katika maili ni kubwa kupita kiasi. Juni 2025 alijaribu dakika nne mjini Paris, akizungukwa na waweka kasi wanaume na wanawake, akamaliza kwa 4:06.42. Muda huo hauhesabiwi kuwa rekodi rasmi, lakini unatuonyesha umbali uliobaki: saa ilipogonga dakika nne kamili, alikuwa amebakiza karibu mita 42.