Nani Amekata Waya wa Kijani?

Jumamosi iliyopita mzee mmoja kutoka Mbagala aliniletea sabufa yake hapa Kariakoo, na kabla ya kuigusa sabufa yenyewe nilifungua plagi, kwa sababu siku hizi huanzia hapo. Nilichokitarajia nilikikuta: waya wa kijani wenye mstari wa njano ulikuwa umekatwa kwa koleo, umekunjwa nyuma na kuvishwa utepe mweusi kwa unadhifu, kama kidonda kilichofungwa na muuguzi. Hii ni ya tatu mwaka huu. "Ule mvumo wa sabufa, ile 'mmm' isiyokoma, fundi wa mtaani aliumaliza kwa dakika tano," mzee aliniambia, "wewe niangalizie tu kwa nini nikichomoa ule waya wa RCA, wa kuleta sauti kutoka kwenye king'amuzi, inanipiga shoti."

Nianze na jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni kwamba fundi yule hakudanganya. Kukata ethi, yaani huo waya wa kijani unaokwenda ardhini, kunaua mvumo kweli, papo hapo, mbele ya mteja, na ndiyo maana imani kwamba ndiyo dawa haifi.

Sabufa yenye plagi ya miguu mitatu huungwa ardhini kupitia soketi, hadi kwenye fito iliyozikwa nje ya nyumba. King'amuzi nacho, hata kama plagi yake ni ya miguu miwili, huenda ardhini kwa njia yake ya uani: ganda la waya wa dishi, yaani ule wavu wa chuma ulio chini ya plastiki ya nje, limeshikana na dishi, dishi limeshikana na bomba la chuma, na bomba limesimikwa kwenye udongo. Hizo ni ardhi mbili, na ardhi mbili za nyumba moja ni nadra kulingana volti. Ukiunganisha king'amuzi na sabufa kwa waya wa RCA unakuwa umefunga mduara, na mkondo mdogo wa umeme wa nyumba unaanza kuzunguka kupitia ganda la RCA, ganda lile lile ambalo sabufa hulitumia kama sifuri ya kupimia muziki. Milivolti chache za 50 Hz, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde kama ilivyo kwa umeme wa nyumba, zinasomwa kama besi na zinakuzwa kama besi. Sabufa imeletewa besi, inapiga besi. Kosa lake ni lipi?

Sasa, waya wa kijani haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Siku ambayo waya wa moto utachomoka kwenye swichi na kugusa bati la nyuma, ethi ndiyo itakayopitisha mkondo mkubwa kwa ghafla hadi fyuzi ikatike. Ethi isipokuwepo, fyuzi haina habari, na bati linabaki na volti 230 likimsubiri mtu. Kwa kuwa ganda la RCA limeungwa na bati hilo, volti hizo zinaweza kusafiri hadi kwenye king'amuzi, kwenye televisheni na kwenye bomba la dishi ambalo nusu ya nyumba za jiji hili hulifungia kamba ya kuanikia nguo. Ile shoti ndogo aliyoilalamikia mzee ilikuwa ni uvujaji wa kawaida wa transfoma na kapasita (vifaa vinavyotunza chaji) za kuchuja umeme, ambao zamani ulishuka kimya kimya kwenye ethi na sasa ulikuwa unapita kwenye vidole vyake. Tena usidhani uko salama kwa sababu plagi yako haijaguswa: fungua ekstensheni ya bei rahisi uone matundu matatu kila soketi, na ndani nyaya mbili tu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Chomoa RCA nyuma ya sabufa huku ikiwa imewashwa. Mvumo ukikoma, sabufa ni nzima na hakuna sababu ya kuibeba kwenye daladala hadi kwangu, ambako haitavuma kwa kuwa mezani pangu hakuna dishi. Mvumo ukibaki, zungusha volyumu: ukipanda na kushuka pamoja nayo, tatizo liko kwenye hatua za mwanzo za kukuza sauti au tundu la RCA limelegea, usipobadilika, shuku kapasita kubwa za bodi ya umeme, ambazo hukaushwa na joto. Kuzibadilisha ni kazi ya kawaida, ila zina chaji hata baada ya kuchomoa umeme, kwa hiyo mwachie anayejua.

Vitabu hufundisha kwamba mvumo wa ethi ni 50 Hz na wa kapasita ni 100 Hz, na kwamba sikio huweza kuutofautisha. Rafiki yangu mpiga besi wa bendi ya dansi alinipa kipimo chake: 100 Hz iko juu kidogo tu ya waya mwembamba wa gita la besi ukipigwa wazi, na 50 Hz iko karibu na kituo cha tatu (pa kubana kidole) cha waya mnene. Ni kipimo kizuri, na nimekitumia kwa miaka mingi kabla ya kukubali kwamba kimenidanganya mara nyingi. Kasha dogo lenye spika ya inchi sita halina uwezo wa kupiga 50 Hz kwa nguvu, kwa hiyo unachokisikia ni sauti zake za juu, 100 na 150, na unalaumu kapasita zisizo na kosa. Siku hizi huamini kuchomoa waya kuliko masikio yangu. Hata wale wanaosingizia umeme mdogo wa jioni siwacheki tena, kwa sababu volti zikishuka mno, regyuleta ya ndani hushindwa kusawazisha na mvumo hupenya.

Nilirudisha waya wa kijani, na Jumapili nikamfuata mzee nyumbani. Mvumo ulirudi, naye akanitazama kama mtu aliyelipa nauli ya hasara. Nikafungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi: kimya. Nikaurudisha: mvumo. Alifanya mwenyewe mara tatu ndipo akaacha kuikodolea macho sabufa. Kuweka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli kulipunguza kidogo tu, kwa kuwa ardhi ya pili ilikuwa uani. Kukata ganda la waya wa dishi hakuwezekani, maana volti 13 au 18 zinazolisha kichwa cha dishi hurudi kupitia ganda hilo hilo. Ilibaki kukata mduara kwenye RCA, nikaweka kisanduku cha transfoma ndogo za sauti ambazo hupitisha muziki bila kuunganisha maganda.

Mvumo ukaisha, ethi ikiwa mahali pake. Mzee akaweka taarabu, akasikiliza kwa makini, akasema besi imepungua. Nilimjibu kwamba ni mazoea ya masikio, lakini njiani kurudi nilikiri moyoni kwamba alikuwa sahihi: transfoma zile zina kiini kidogo, na sauti za chini kabisa huzilemea. Wiki hii ninatafuta zenye kiini kikubwa zaidi.