Je, wajua kwa nini kijiko cha stenlesi hakishiki kutu? Wala hakijapakwa kitu

Kwa miaka mingi niliamini kijiko cha stenlesi kimepakwa kitu juu. Nyumbani tulikuwa na vijiko sita vya kulia wali, vile vizito vya zamani, na mama akimkuta mtu anavisugua kwa stilwaya alikuwa anampokonya pale pale, "utakitoa rangi hicho!", na mi nikakua na picha hiyo kichwani kwamba ndani kuna chuma cha kawaida kama cha msumari, juu kuna ngozi nyembamba inayong'aa, na siku ngozi ikiisha kutu inaingia. Ushahidi nilikuwa nao. Kijiko kimoja kililala kwenye beseni usiku kucha pamoja na kipande cha stilwaya, asubuhi kina vidoa vya kahawia shingoni, nikasema basi, rangi imetoka.

Kumbe siyo. Hakuna rangi yoyote pale. Ukikata kijiko hicho katikati kwa msumeno utakuta ndani ni vilevile kama nje, na pale ulipokata, sehemu ambayo haijawahi kuona hewa tangu chuma kimwagwe kiwandani, nayo haishiki kutu. Hata ukikisugua mpaka kibaki nusu, hiyo nusu bado ni stenlesi ileile.

Naomba nikae hapa kidogo kwa sababu nadhani wengi tunalo kosa hili, na lina chanzo chake. Tumezungukwa na vyuma ambavyo kweli vimepakwa. Bati la kuezekea ni chuma kilichovikwa zinki. Bakuli la enameli likianguka sakafuni linabanduka kipande na kesho yake pale pana kutu. Bampa la gari la zamani lile linalong'aa kama kioo limepakwa kromiamu, na likizeeka kromiamu inavimba, inabanduka kama gamba, chini yake kutu tupu. Sasa stenlesi nayo ina kromiamu, madini yaleyale ya kwenye bampa, ndo mana mtu akisikia "ina kromiamu" anajua imepakwa tu. Lakini fikiria kaimati na andazi. Kaimati utamu wake uko kwenye shira uliyoimwagia juu, ukiilamba shira unabaki na unga. Andazi sukari imekandwa ndani, popote utakapong'ata utaikuta. Bampa ni kaimati, kijiko cha stenlesi ni andazi. Kromiamu imeyeyushwa pamoja na chuma ikachanganyika kabla hata kijiko hakijawa kijiko.

Nilipoelewa hilo nikaingia kosa la pili, nikasema ahaa, basi kromiamu ni madini yasiyogusana na oksijeni, ndo yanakilinda chuma. Nayo siyo. Kromiamu inaipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda! Ukweli wenyewe, na hapa ndo jambo hili liliponishika kabisa, ni kwamba kijiko chako kinaungana na oksijeni muda wote, kilianza sekunde kilipotoka kwenye mashine, ila kinaungana kidogo sana halafu kinasimama.

Chukua maziwa umeyachemsha, umeyaepua, yanaanza kupoa. Juu panajitanda utando. Huo utando hakuna aliyeuweka, umetokana na maziwa yenyewe yalipokutana na hewa, na ukiutoa kwa kijiko yakiwa bado ya moto baada ya muda kidogo unaona mwingine unajitanda. Stenlesi ndivyo ilivyo. Atomu za kromiamu zilizoko usoni zinashikana na oksijeni ya hewani zinafanya utando wa oksaidi ya kromiamu, mwembamba ajabu, kama nanomita 1 hadi 3 hivi, yaani itabidi upange tando makumi ya maelfu moja juu ya nyingine ndo ufikie unene wa unywele mmoja. Kwa wembamba huo mwanga unapita kama haupo, wewe unaona chuma kinang'aa tu. Ukikwaruza kwa kisu umeutoa utando, sawa, lakini chini yake kuna kromiamu nyingine, hewa ipo, utando mwingine unajifunga pale pale. Mfano wa maziwa unaishia hapo, kwa sababu maziwa yakipoa utando hauji tena, ila chuma hiki kinajitanda hata kikiwa baridi, kinachotaka ni oksijeni tu.

Mtu atauliza, mbona chuma cha kawaida nacho kinaungana na oksijeni na hakijikingi? Kwa sababu kutu ya chuma ni nyepesi na ina matundu, halafu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inapasuka, inabanduka, maji na hewa vinapata njia ya kuingia ndani zaidi. Ni kama chokaa iliyopakwa kwenye ukuta wenye unyevu, kila ikianguka inaondoka na kipande cha ukuta. Oksaidi ya kromiamu yenyewe inabana, imeshikana, imeng'ang'ania chuma, oksijeni ikifika inakuta mlango umefungwa.

Na kiasi ni muhimu. Ukitia kromiamu kidogo haisaidii kitu cha maana, inabidi ifike kama asilimia 10.5 hivi ya uzito wote ndo chuma kinaitwa stenlesi. Waza watoto wanaotaka kufanya duara wakishikana mikono, wakiwa watatu uwanjani hawafikiani, wanabaki na mapengo, wakiongezeka inafika idadi ambayo mikono inakutana na duara linafunga. Kromiamu ikiwa chache utando una mapengo na kutu inaota kwenye pengo.

Sasa swali la aliyeyaona haya linatupeleka Sheffield, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Mpenzi wa mpira anaujua bila kujijua, Jamie Vardy, Kyle Walker na Harry Maguire wote wamezaliwa pale, na golikipa Gordon Banks wa kombe la dunia la 1966 pia. Helen Sharman, Muingereza wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1991, naye ni mzaliwa wa pale. Lakini kwa karne nyingi kabla ya hao wote Sheffield ilikuwa inajulikana kwa visu.

Harry Brearley alizaliwa Sheffield mwaka 1871, baba yake akiwa myeyushaji wa chuma. Shule aliacha na miaka 12, akaingia kiwanda cha Thomas Firth & Sons, muda si mrefu akapelekwa maabara kuosha chupa. Kemia alijifunza kwa kusoma jioni na kuangalia wenzake wanafanya nini, na mwaka 1908 viwanda viwili vya chuma vilipofungua maabara ya pamoja ya utafiti yeye ndo akapewa kuiongoza. Kutoka kuosha chupa!

Kazi iliyomfikisha kwenye stenlesi haikuhusu kutu kabisa. Mwaka 1912 aliletewa shida ya mitutu ya bunduki, ilikuwa inalika kwa ndani kwa sababu ya joto na gesi za risasi. Akaanza kujaribu chuma chenye kromiamu nyingi kwa kuwa kinahimili joto, na Agosti 1913 akamwaga mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Utasikia watu wanasimulia kwamba alikitupa kwenye lundo la skrepa akarudi baada ya wiki kadhaa akakuta kipande kimoja tu kinang'aa katikati ya kutu. Ni simulizi nzuri, ila yenye uzito zaidi ni ya kwenye meza ya maabara. Ili uone chembe za chuma kwenye hadubini unakisugua kipande kiwe laini kama kioo halafu unakipaka asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa pombe, asidi inakula uso kidogo, mistari inatokea. Chuma kile kiligoma. Asidi haikushika. Mtu mwingine angeona usumbufu tu, kipande hakitaki kuonyesha chembe zake, lakini Brearley alikuwa wa mji wa visu, akakijaribu kwenye siki na maji ya limau, vitu vya mezani kabisa, kikatoka vilevile kilivyoingia.

Na hapa kuna kisa ambacho naona kilistahili kujulikana kuliko hata cha Brearley. Miaka 21 kabla yake, mwaka 1892, mtu mwingine wa Sheffield, Robert Hadfield, mzaliwa wa Attercliffe, kitongoji cha palepale, mwaka 1858, alishachapisha utafiti wa chuma chenye kromiamu. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha, ndo aliyevumbua chuma cha manganizi mwaka 1882, kile kigumu cha kwenye makutano ya reli. Akapima kama kromiamu inakilinda chuma, akajibu hapana, inakifanya kilike zaidi. Tatizo ni kipimo, alitumia asidi ya salfuriki, jamii ya ile ya kwenye betri za magari, na kali ya asilimia 50. Asidi ile inayeyusha utando haraka kuliko unavyoweza kujifunga, kromiamu ikakosa silaha yake. Asidi ya nitriki aliyotumia Brearley tabia yake ni kinyume, yenyewe inatoa oksijeni, kwa hiyo badala ya kuuvunja utando inaulisha! Mji mmoja, jamii moja ya chuma, asidi mbili, majibu mawili yanayopingana, na jibu la kwanza kwa kuwa lilitoka kwa mtu mkubwa lilichangia watu kuiacha njia ile kwa miaka.

Ila mtu akikwambia Brearley ndo wa kwanza duniani, mpe nusu tu. Mfaransa Pierre Berthier aliona tangu 1821 kwamba chuma chenye kromiamu kinavumilia asidi. Mjerumani Philipp Monnartz aliueleza ukinzani huo vizuri mwaka 1911, na mwaka 1912 kampuni ya Krupp iliomba pateni, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, za chuma chenye kromiamu na nikeli, kazi ya Benno Strauss na Eduard Maurer, ambacho kwa kweli ndo ndugu wa karibu zaidi wa kijiko chako. Marekani kulikuwa na Elwood Haynes, naye akikifanyia kazi chuma cha jamii hiyohiyo. Alichokiona Brearley ni faida ya chuma hicho jikoni. Visu vya wakati ule vilikuwa vya chuma cha kaboni, ukikatia tunda au nyama yenye siki kinapata madoa meusi, kila baada ya mlo lazima kisuguliwe na kukaushwa.

Mafundi wa visu wa Sheffield hawakumwelewa mwanzoni. Walikichoma na kukizima, yaani kukitumbukiza kikiwa cha moto ili kipoe ghafla kiwe kigumu, kama walivyozoea, visu vikatoka butu, wakamwita mtu aliyevumbua visu visivyokata, kwa sababu chuma hiki kinataka joto la juu zaidi kabla ya kukizima. Aliyefanikiwa ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda cha visu cha R. F. Mosley. Brearley alikuwa anakiita chuma kisicho na kutu, Stuart alipokijaribu kwenye siki akakipa jina la stenlesi, maana yake kisichopata madoa, likabaki hilo. Na waajiri wake Brearley akagombana nao kuhusu haki za ugunduzi, mwaka 1915 akaondoka, pateni ya Marekani akaipata 1916, akafariki mwaka 1948.

Ukigeuza kijiko au sufuria yako unaweza kukuta imeandikwa 18/10, ni asilimia 18 kromiamu na 10 nikeli. Ikiandikwa 18/0 haina nikeli, na hiyo sumaku inaishika. Wengi tunaambiwa stenlesi ikishikwa na sumaku ni feki, wanunuzi wa skrepa nao wanatembea na sumaku kutenga, kwao inawasaidia kwa sababu inayouzwa ghali ni yenye nikeli, lakini kusema ni feki si kweli, chuma cha Brearley mwenyewe kinashikwa na sumaku, na visu vizuri vya stenlesi mpaka leo vinashikwa.

Wala haimaanishi haiharibiki. Adui yake mkubwa ni chumvi, kloridi iliyomo ndani yake inapenya sehemu ndogo ya utando na ikikaa inachimba tundu kama la sindano, ndo mana anayeishi karibu na bahari anaona reli ya ngazi au bawaba ya stenlesi ina madoa ya kahawia kama ya chai. Kwa vyombo vya baharini wanaongeza madini mengine yanayoitwa molibdenamu, kama asilimia 2 hivi. Jikoni inatosha kutoliacha tui lenye chumvi lilale kwenye sufuria, na kuviacha vyombo vikauke kwenye hewa, manake hewa ndo inayoutengeneza utando.

Na kile kijiko chenye vidoa bado kipo kwa mama. Nilipoenda mara ya mwisho nilikamua ndimu nikapaka shingoni, nikaacha kidogo, nikafuta kwa kitambaa, vidoa vikatoka vyote na chini yake pakavu, laini, hakuna hata tundu. Ilikuwa kutu ya chembe za stilwaya zilizokwama pale, si ya kijiko, na viwandani wanafanya karibu hivyohivyo, wanaosha stenlesi kwa asidi ya sitriki kuondoa vumbi la chuma la vifaa vya kukatia. Nikamwambia, "Mama, hiki hakina rangi, usugue usisugue ni kilekile." Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mikwaruzo ya stilwaya imejaa tumboni. "Sawa haina rangi," akasema, "lakini mng'ao si umeutoa?" Mng'ao kweli ulikuwa umetoka.